Glas: rangi ya majani, ya alfajiri na ya farasi wa mzee

Mzee aliniomba sukari nyekundu. Ilikuwa wiki yangu ya pili katika makao ya wazee huko Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales, na nilikuwa nimemwekea uji wake wa oti mezani. "Siwgr coch," akasema, huku akigonga ukingo wa bakuli kwa kijiko. Neno "coch" nililijua. Nilikuwa nimejiandikisha darasa la jioni la Kiwelisi, na rangi ni miongoni mwa mambo ya mwanzo tuliyofundishwa: "coch" nyekundu, "gwyn" nyeupe, "du" nyeusi, "melyn" njano, "glas" buluu, "gwyrdd" kijani, "llwyd" kijivu. Nikaenda jikoni kutafuta sukari nyekundu. Nilifungua kabati moja baada ya jingine, mpaka mpishi, mama mwenyeji wa pale, aliponiuliza natafuta nini. Nilipomwambia, akanikabidhi pakiti ya sukari ya kahawia.

Nilirudi mezani nikiwakumbuka ng'ombe wa babu yangu. Walikuwa na rangi ya kahawa, na sote tuliwaita wekundu. Udongo wa Lushoto tunauita mwekundu, na mtu wa maji ya kunde wapo wanaomwita mwekundu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye rangi ya nyanya. Nilikuwa nimelichukua neno la mzee nikalipima kwa chati ya darasani, wakati lugha yangu mwenyewe ingenipa jibu kama ningeiuliza.

Siku chache baadaye akataka "papur llwyd" afungie kitabu cha kumpelekea mjukuu wake. Chati ilisema "llwyd" ni kijivu, basi nikamtafutia karatasi ya kijivu ofisini, nzuri, yenye kung'aa. Aliigeuza, akaiweka kando taratibu, akaomba tena. Alichotaka ni karatasi ya kaki, ile ya kahawia tunayotengenezea bahasha. Kwa watu wa rika lake hiyo ni "llwyd". Hata yule ndege mdogo wa kahawia anayerukaruka kwenye vichaka vya bustani yao jina lake ni "llwyd y gwrych", "llwyd" wa uani.

Mzee alikuwa amechunga kondoo maisha yake yote. Kiingereza alikijua vizuri, lakini ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza kukimega kile alichojifunza ukubwani na kumwachia kile alichonyonya kwa mama. Ndiyo sababu niliamua kujifunza lugha yake. Sikutaka mtu afikishwe mwisho wa safari yake na watunzaji wasioelewa anaomba nini.

Neno lililonishika kuliko yote lilikuwa "glas". Chati ilisema buluu. Mzee alikuwa akikaa dirishani na kusema "Mae'r cae'n las", shamba ni "glas", na nje hakukuwa na kitu cha buluu. Kulikuwa na majani tu, yaliyonyeshewa mvua usiku kucha. Kwenye picha ukutani kulikuwa na farasi jike wa kijivu aliyekuwa naye zamani. Yule alikuwa "caseg las", farasi "glas". Kukipambazuka ni "glas y dydd", "glas" ya mchana. Sarafu za fedha ni "arian gleision", pesa za "glas", tofauti na zile za shaba ambazo ni "arian cochion", pesa nyekundu. Na majani yenyewe, yale wanayokula kondoo, Kiwelisi huyaita "glaswellt", neno lililounganishwa kwa "glas" na "gwellt", mabua. Ukifuata chati ya darasani, kondoo wote wa Wales wanakula mabua ya buluu.

Baadaye niligundua kwamba mkanganyiko wangu una historia katika isimu. Mwaka 1943 mwanaisimu Mdenishi Louis Hjelmslev aliiweka Kiwelisi na Kidenishi ubavu kwa ubavu ili aonyeshe kwamba kila lugha huchora mipaka yake. Kidenishi kina maneno manne kwa eneo linaloanzia kijani, likapita buluu na kijivu, likaishia kahawia. Kiwelisi kilikuwa na matatu kwa eneo lile lile: "gwyrdd", "glas" na "llwyd". Sehemu ya kijani inaangukia kwa "glas". Buluu yote ni ya "glas". Kijivu kinagawanywa, nusu kwa "glas" na nusu kwa "llwyd", na kahawia yote inakwenda kwa "llwyd". Jedwali hilo dogo limezunguka vyuo vikuu dunia nzima. Mimi nilikutana nalo nikiwa nimeshika karatasi isiyotakiwa.

Lugha za Kikelti zilizobaki ni sita. Kiwelisi, Kikorni cha kusini-magharibi mwa Uingereza na Kibretoni cha Bretagne kule Ufaransa ni ndugu wa karibu. Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi cha kisiwa cha Man ni tawi la pili. Neno hili limo katika zote sita, likiandikwa "glas", au "glass" kwa Kimanksi. Ni urithi wa mababu ambao hakuna ndugu aliyeuuza. Ila kila mmoja amelima kipande tofauti cha shamba. Kwa Mwelisi wa leo "glas" ni buluu kwanza. Kwa Mbretoni ni buluu, na pia kijani cha vitu vilivyoota vyenyewe, wakati mlango uliopakwa rangi ya kijani ni "gwer". Kwa Mwayalandi ni kijani cha mimea na kijivu cha manyoya ya mnyama. Kwa Mskoti wa milimani ni kijivu, au kijani kilichofifia, na majani mazuri ya malisho yeye anaweza kuyaita "gorm", neno ambalo kwa jirani yake wa Ayalandi ni buluu.

Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anautaja mmea ambao watu wa Gallia, Ufaransa ya leo, waliuita "glastum", uliotumiwa na wanawake wa Britania kujipaka rangi mwilini. Julius Kaisari naye, jemadari wa Kirumi aliyevuka bahari na jeshi mwaka 55 na 54 KK, aliandika kwamba Wabritania walijipaka rangi ya buluu ili watishe vitani. Mmea wenyewe Kiwelisi bado kinauita "glaslys", mmea wa "glas". Unatoa rangi ile ile inayotolewa na mnili. Majani yake ni ya kijani kama majani mengine yoyote. Yakichachushwa, kitambaa kikachovywa, kinatoka kwenye pipa kikiwa na rangi ya kijani iliyoelekea njano, kisha kikipigwa na hewa kinageuka buluu mbele ya macho yako. Sidai kwamba neno lilizaliwa ndani ya pipa hilo. Nasema tu kwamba mtu aliyeyaona mabadiliko hayo tangu utotoni hawezi kushangaa kuwa kijani na buluu vinaitwa kwa jina moja.

Sasa, "gwyrdd" ilitoka wapi? Ilitoka kwa wageni. Warumi walikaa Britania kuanzia mwaka 43 hadi mwanzoni mwa karne ya 5, na "gwyrdd" ni "viridis" yao ya Kilatini iliyosagwa na midomo ya wenyeji. Hata "coch" ya sukari ya mzee ni mgeni. Asili yake ni "coccum", jina ambalo Warumi waliwapa wadudu wadogo waliokaushwa kutengeneza rangi nyekundu ya thamani, wakidhani ni punje za mti. Nyekundu ya asili ya Kiwelisi ilikuwa "rhudd", ambayo leo imesukumwa pembeni, imebaki kwenye ushairi na majina. Ndugu zake hawakuitupa: Kibretoni kina "ruz", Kikorni kina "rudh". Ni jambo la kunifariji, kwa sababu sisi Waswahili tunasemwa sana kwa kukopa. Samawati yetu ina mbingu za Waarabu ndani yake, na kaki imefika kutoka neno la Kiajemi la vumbi, kwa njia ya Wahindi na majeshi ya Waingereza.

Ayalandi Warumi hawakuitawala. Lakini Ukristo uliingia na Kilatini chake, na pamoja nacho "purpura", rangi ya zambarau ya wafalme na maaskofu. Kiayalandi cha wakati huo hakikuwa na sauti ya P. P za Kilatini zilizoingia mapema ziligeuka K. Pascha, sikukuu ya Pasaka, ikawa "Cáisc", na "purpura" ikawa "corcra". Ni neno lile lile lililobadilishwa nguo mlangoni.

Kwa upande wa kijani, Kiayalandi kina maneno mawili, na mpaka kati yake umenifundisha mengi. "Glas" ni kijani cha kitu kinachoota. "Uaine" ni kijani kikali, cha nguo, cha rangi iliyotengenezwa kwa mikono. Ibara ya 7 ya Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937 inazitaja rangi za bendera ya taifa kuwa "uaine, bán, agus flannbhuí". Bendera ni kitambaa, kwa hiyo kijani chake ni "uaine". Lakini chama cha kisiasa cha watetezi wa mazingira kinajiita Comhaontas Glas, kwa sababu kinachosemewa ni misitu na mashamba. Hiyo "flannbhuí" nayo ni nzuri: rangi ya chungwa imeelezwa bila kulitaja chungwa hata kidogo, kwa kuunganisha damu na njano. Methali yao ya kutamani ya mbali inasema "Is glas iad na cnoic i bhfad uainn", vilima vilivyo mbali nasi ni "glas". Wengi hutafsiri kuwa ni vya kijani. Lakini aliyewahi kukitazama kilima kwa mbali anajua kinavyoanza kuwa cha kijani, kikasogea kwenye buluu, kikaishia kijivu cha ukungu. Methali haikuchagua, na sioni kwa nini mfasiri achague.

Niliposoma kwamba Kiayalandi kimewaita watu weusi "daoine gorma", watu wa buluu, nilikaa na maneno hayo siku nzima. Mimi ni mtu mweusi ninayeishi miongoni mwa Wakelti, jambo hili halikuwa la kitabuni kwangu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba "dubh", nyeusi, mtu akiitwa hivyo ilimaanisha nywele zake, na "an fear dubh", mtu mweusi, lilikuwa jina la Shetani. Zaidi ya hapo, "gorm" ya zamani haikuwa buluu ya anga tu, ilikuwa pia weusi unaong'aa, weusi wenye kina.

Nikamkumbuka bibi yangu wa Pangani na kaniki yake. Kaniki ikiwa mpya, ukiiweka juani, unaiona kabisa kwamba ni buluu iliyokolea, rangi ya nili. Bibi hakuwahi kuiita buluu. Ilikuwa nguo nyeusi, basi. Yeye aliiona buluu ya giza akaiita nyeusi, na Mwayalandi wa kale aliona weusi akauita "gorm". Wamesimama kwenye mpaka mmoja, kila mmoja akitokea upande wake. Kwa hiyo sikuona tusi ndani ya neno lenyewe. Hata hivyo, Waayalandi weusi wanaozungumza lugha hiyo ndio wenye haki ya kusema linawakaa vipi, na wamesema. Siku hizi limeongezwa "duine de dhath", mtu mwenye rangi, na wengine bado wanaipenda "gorm" kwa sababu ni ya lugha yenyewe, haikutafsiriwa. Ningekuwa miongoni mwao nadhani ningebaki na "gorm". Ni weusi uliopewa mwanga.

Huko Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, imehifadhiwa hati yenye mahubiri ya Kiayalandi cha kale, ya karne ya 7 au mwanzo wa ya 8. Mhubiri anasema kuna mashahidi wa imani wa aina tatu, na kila aina ina rangi yake. Ushahidi mweupe ni kuacha kila unachokipenda kwa ajili ya Mungu. Ushahidi mwekundu ni kuuawa. Katikati kuna ushahidi wa "glas", nao ni kufunga na kufanya kazi ngumu, kujitenga na tamaa zako huku ukiendelea kuishi. Watafsiri wamehangaika na neno hilo. Wapo wanaoandika ushahidi wa buluu, wapo wanaoandika wa kijani. Nyeupe na nyekundu zinaeleweka bila msaada. Lakini kufunga kuna rangi gani?

Nilisoma mistari hiyo nikiwa zamu ya usiku, wazee wamelala, na hapo ndipo neno la Kiswahili liliponijia lenyewe. Mbichi. Kuni mbichi, zinazotoa moshi na machozi kabla hazijatoa moto. Kidonda kibichi. Ndizi mbichi, ambazo hakuna anayehitaji kuambiwa kuwa ni za kijani. Majani mabichi, na ile rangi tunayoitaja kwa maneno mawili, kijani kibichi. Tangu nijifunze "glas" nilikuwa nikiitafutia mwenzake kwenye kabati la rangi, na mwenzake alikuwa amekaa jikoni kwa bibi. Kiwelisi humwita kijana anayebalehe "glaslanc", kijana "glas". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni ni "glasfyfyriwr", mwanafunzi "glas". Ukipokelewa bila uchangamfu, umepata "glas groeso", ukaribisho "glas", kitu kisichopata moto. Na aliyejituma mpaka mwisho wa uwezo wake amefanya "ei orau glas", bora yake iliyo "glas", yaani ile yenye utomvu bado. Shahidi wa "glas" ni mtu ambaye hajafika kwenye damu wala hajafika kwenye amani. Yuko jikoni, moto unafuka. Mimi ningeandika ushahidi mbichi, na Mswahili yeyote angeelewa.

Neno letu haliendi mpaka mwisho, na lazima niseme hivyo. Farasi wa mzee hakuwa mbichi, wala sarafu za fedha, wala chuma cha upanga ambacho washairi wa Kiwelisi walikiita "glas". Hapo neno linashika kitu kingine: ubaridi unaong'aa, mwanga wa kitu chenye maji au kilichonolewa. Bahari ya Aktiki na mkungu wa ndizi haviwezi kukaa kwenye neno moja la Kiswahili. Vya Kikelti vinakaa. Lakini tangu usiku ule niliacha kumuuliza mzee kitu fulani ni "glas" ipi, ya buluu au ya kijani. Swali lenyewe lilikuwa la mtu aliyeshika chati.

Waayalandi walizipa rangi hata pepo. Katika Saltair na Rann, utenzi mrefu wa dini wa mwishoni mwa karne ya 10, Mungu anaumba pepo 12, kila mmoja na rangi yake. Upepo wa mashariki ni zambarau, wa kusini mweupe, wa kaskazini mweusi, na wa magharibi ni "odhar", rangi ya vumbi, ile ya ng'ombe aliyechakaa. Katikati ya hizo nne zimepangwa nane nyingine, zikiwemo njano, nyekundu, "uaine", "glas" na hata ya madoadoa. Watu wa pwani tulizipa pepo majina na kazi, kaskazi na kusi, tukasafiri nazo. Sikuwahi kufikiri kwamba kusi ina rangi. Sasa kila nikitoka nje asubuhi nageuka kuutazama upepo.

Ramani za Uskoti nazo zimejaa rangi. Safu ya milima ambayo Kiingereza kinaiita Cairngorms imechukua jina la kilele kimoja chenye urefu wa mita 1,245, An Càrn Gorm, mlima wa buluu. Lakini Wagaeli wenyewe safu nzima wanaiita Am Monadh Ruadh, milima myekundu, kwa sababu ya mawe yake ya matale yanayowaka kwa wekundu jua likichwea. Wanaitofautisha na Am Monadh Liath, milima ya kijivu, iliyo ng'ambo ya mto Spey. Mtalii anayesoma kibao anaamini amefika kwenye buluu, na mchungaji aliyezaliwa hapo anajua kwamba yuko kwenye nyekundu.

Kitu kingine cha Kiwelisi kilinichelewesha, na Mswahili anayejifunza lugha hii atakitambua haraka. Rangi hugeuka kichwani ili ifanane na jina inaloliandama. Farasi dume mweupe ni "ceffyl gwyn", jike ni "caseg wen". "Glas" ikifuata jina la kike inadondosha herufi ya kwanza na kuwa "las". Kwa wiki kadhaa nilisikia "las" bila kujua kwamba ni yule yule. Nadhani ndivyo anavyoteseka mgeni anayetafuta "jeupe" kwenye kamusi chini ya J, wakati sisi tunajua kwamba mzizi ni -eupe, na kwamba mweupe, cheupe na peupe ni mtu mmoja aliyevaa kofia tofauti. Katika Kiswahili ni rangi tatu tu zinazokubali kofia hizo: -eusi, -eupe na -ekundu. Kijani haibadiliki, kijivu haibadiliki, manjano haibadiliki. Hizo ni jani, jivu na bizari vilivyoazimwa kutoka shambani, jikoni na sokoni.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa utafiti uliodai kwamba lugha huongeza majina ya rangi kwa mpangilio: nyeusi na nyeupe kwanza, halafu nyekundu, na nyingine zote baadaye. Walilinganisha lugha 20 kwa kuwaonyesha wazungumzaji vipande vya rangi, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Rangi zetu tatu zenye kofia ni zile zile tatu za mwanzo, na ushahidi huo umo ndani ya sarufi ya kila mtoto wa Kiswahili. Hilo linanishangaza kila nikilifikiria. Ninachokosa katika kazi ya vipande ni ubichi. Kipande cha karatasi hakina utomvu. Ukimwonyesha mzee wangu kipande cha kijani na kumwuliza jina lake, atasema "gwyrdd", na utaondoka ukiamini kwamba umeijua lugha yake.

Majina ya rangi hizi yamesafiri mpaka kwetu bila kujitangaza. Kenya wapo akina Duncan na Douglas wengi, waliobatizwa kwa majina yaliyoletwa na wamisionari na walowezi. Duncan ni Donnchadh, ambamo "donn" ni kahawia. Douglas ina "dubh", nyeusi: ni jina la mto mweusi. Lloyd ni "llwyd" yenyewe, na Floyd ni Lloyd iliyotamkwa na Mwingereza aliyeshindwa na sauti ile ya LL.

Watoto wa Kiwelisi leo hufundishwa shuleni kwamba "glas" ni buluu, "gwyrdd" ni kijani, na kahawia ni "brown", neno lililochukuliwa kwa Kiingereza. Kila rangi ina chumba chake sasa, kwa ramani ya nyumba ya Kiingereza. Najua lugha hubadilika, na ninafurahi kwamba watoto wanaizungumza kabisa. Mwaka 1847 serikali ya Uingereza ilitoa ripoti ya elimu ya Wales iliyoandaliwa na wakaguzi watatu wasiojua Kiwelisi, ikiilaumu lugha hiyo kwa ujinga na tabia mbaya za watu. Wawelisi wanaiita "Brad y Llyfrau Gleision", usaliti wa vitabu vya buluu, kwa ajili ya majalada yake. Katika karne hiyo kulikuwa na shule ambazo mtoto akikamatwa akisema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni, naye akikabidhi kwa atakayekosea baada yake. Shuleni kwetu Tanga kibao kama hicho kilikuwepo kwa Kiswahili. Nilikivaa mara mbili. Nilipomsimulia mzee kwa Kiwelisi changu kinachokwama, alinishika mkono akakaa nao kwa muda. Kisha akaniambia nafanya "orau glas", na akaniita "'mechan i", binti yangu.

Mwezi Mei nilipata siku mbili za mapumziko nikapanda kwenda Glaslyn, ziwa lililo chini ya kilele cha Yr Wyddfa. Njia inapita Llyn Llydaw, na Llydaw ndilo jina ambalo Wawelisi huiita Bretagne, kwa ndugu zao wa ng'ambo. Kuna magofu ya kiwanda cha shaba, halafu unapanda tena. Maji ya Glaslyn yana shaba ndani yake, ndiyo maana rangi yake haifanani na ya maziwa mengine. Nilipofika yalikuwa ya kijani kama chupa. Wingu likapita yakawa kijivu. Jua likatoka upande mmoja, nusu ikawa buluu, nusu ikabaki kama chuma, na ukingoni palipokuwa na mawe ya kijivu maji yalionekana ya kijani tena. Nilikaa pale saa nzima. Sikupiga picha.

Jumatatu nilimpelekea mzee uji wake na sukari nyekundu. Akauliza nilikwenda wapi, nikamwambia. Aliwahi kuwatafuta kondoo miteremko ile, alikumbuka kila jiwe, siku ile alikumbuka. Akauliza kama juu kulikuwa na upepo. Nikamwambia ulikuwepo, mwingi, wa magharibi.

"Glas iawn, felly," akasema. "Glas" sana, basi. Akavuta bakuli karibu, akaanza kula.